Kishikwambi Kipimwe na Vya Rika Lake

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wazazi na walezi)



Kishikwambi si chombo kigeni tena Bukoba wala Muleba. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 walipita navyo majumbani mwetu, na baadaye Serikali ikavigawa kwa walimu. Leo mzazi huuza kahawa yake, akamnunulia mwanawe kishikwambi kidogo ili asome vitabu katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Fedha ya kahawa haiji kila mwezi. Haifai kupotea dukani.

Kosa letu kubwa ni kulinganisha visivyolingana. Hakuna mwenye shamba anayeilaumu ndizi ya pombe kwa kutopendeza chunguni. Kishikwambi cha bei nafuu kikipimwa na cha bei mara nne, kitaonekana hakifai. Kikisifiwa peke yake na muuzaji, kitaonekana hakina mfano. Hukumu zote mbili si za haki. Kiwekeni kando ya viwili au vitatu vya bei ile ile na ukubwa ule ule, vyote vipya au vyote vilivyokwisha kutumika, kisha ulizeni maswali yale yale kwa kila kimoja.

Mosi, kinapokea laini ya simu, au hutegemea Wi-Fi pekee? Mimi nililipuuza swali hili. Nilinunua kilichopungua bei, kumbe hakina tundu la laini, na nyumbani kwangu hakuna Wi-Fi. Kikakaa kabatini.

Pili, betri hudumu saa ngapi kitabu kikiwa wazi? Kwa mtoto wa Goziba au Bumbire asiye na umeme nyumbani, swali hili hutangulia mengine yote.

Tatu, nafasi iliyobaki ni kiasi gani? Cha GB 32 hakimwachii mnunuzi GB 32, kwa kuwa mfumo wenyewe umekwisha kuchukua sehemu yake.

Nne, dhamana ni ya muda gani, na kioo kikivunjika nani hapa mjini atakitengeneza?

Kwa chenye laini, tumeni namba yake ya IMEI kwenda 15090, mjue kama ni halali. Kisha daini risiti.

Mwenye kulinganisha hivyo, hata akichukua cha bei ya chini kabisa, atakuwa amejua alichopata na alichoacha.