Misumari ya Mpini: Umbo la Shoka la Ukubwa katika Katanga ya Kale
Mada kwa semina ya walimu wa historia, Sakania

Upanga ni nini na shoka ni nini, hakuna mwalimu wa Sakania anayehitaji kuelezwa. Inatosha kukumbusha kwamba mhunzi hakufua chuma kwa ajili ya kukata tu. Katika Ulaya ya karne ya 12, kikingio cha mkono kilikatiza upanga, na askari Wakristo wakauona msalaba. Wareno walipofika Kongo mwishoni mwa karne ya 15, wahunzi wa huko waliliiga umbo hilo wakafua mbele a lulendo, upanga wa mamlaka, kwa sababu msalaba tayari ulikuwa kwao alama ya walio hai na wafu kukutana.

Katanga ya kale ilitukuza shoka.

Kule Kamilamba, katika bonde la Upemba, mtu mmoja alizikwa kati ya karne ya 8 na ya 10 akiwa na fuawe la chuma karibu na kichwa, pamoja na shoka ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari. Shoka la kuni halihitaji pambo hilo. Waluba wa baadaye waliendelea na lugha ileile: mtemi hubeba shoka begani, na masimulizi yao yanamtaja Mbidi Kiluwe, baba yake shujaa Kalala Ilunga, kuwa ndiye aliyeleta ufundi wa chuma. Uhunzi na utawala vilikwenda pamoja.

Tatizo ni mti. Mpini huoza, misumari hubaki udongoni ikifuata umbo lake. Anayechimba bila ujuzi huokota bapa na kuiacha misumari, au huikusanya yote pamoja. Mwandishi wa mada hii amewahi kufunguliwa sanduku lenye bapa safi lililoandikwa “silaha”, misumari haimo, wala jina la kijiji. Hailaumiwi idara yoyote. Fedha ni chache, na watunzaji wengi wanajitahidi. Lakini kwa miaka mingi ombi ni hilohilo, bapa lisitenganishwe na misumari yake, na bado mabapa yanaletwa peke yake.

Kwa hiyo inapendekezwa: mkulima akigonga chuma cha kale, jembe lisimame, mwalimu aitwe. Picha ipigwe kabla ya kitu kuinuliwa. Jina la kijiji na kina cha shimo viandikwe siku hiyohiyo. Misumari isiokotwe kabla ya kuchorwa. Neno “silaha” lisiandikwe kwenye kibao mpaka mpini uchunguzwe. Misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu nayo isitenganishwe na makaburi yake, kwa kuwa mahali ilipowekwa mwilini ni sehemu ya maana yake. Wanafunzi wapelekwe Makumbusho ya Lubumbashi. Na, kwa mara nyingine, misumari isiokotwe kabla ya kuchorwa.

Mpini uliooza huweza kuchorwa upya kwa kufuata misumari ilivyolala. Ikishachanganywa ndooni, haiwezekani tena.