Kisomo, Maktaba na Lugha za Delta: Mazingatio kutoka Mtunda



Kisomo na maktaba ni ndugu wa tumbo moja, lakini katika historia ya Tanzania ndugu hao hawakulelewa pamoja. Mhadhara huu unadai kwamba utengano huo umeziathiri lugha mbili kwa mpigo: Kiswahili na lugha ya nyumbani. Mfano unaotumika ni Mtunda, katika Wilaya ya Kibiti, eneo la delta ya Mto Rufiji, ambako Kiswahili kimeishi bega kwa bega na Kindengereko na Kirufiji.

Bodi ya maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam mwaka 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zikatakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na mojawapo ilikuwa Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma na kuandika.

Sababu za kurudi nyuma huko ni nyingi, lakini moja ni dhahiri: mhitimu wa kisomo aliyekosa cha kusoma alisahau. Mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, ulilitambua jambo hilo mapema, ukaambatanisha madarasa na maktaba za vijijini. Herufi hudumu pale zinapopata kazi.

Je, katika delta herufi hizo zingepewa kazi gani? Vitabu vya kisomo viliandikwa kwa Kiswahili, na uamuzi huo uliunganisha taifa. Lakini elimu ya mkulima wa mpunga juu ya mafuriko, udongo na mikoko ilikuwa imehifadhiwa katika lugha ya nyumbani, ambayo haikuwa na kitabu. Leo mizani imegeuka: Kiswahili ndicho kinachorithiwa na watoto, na Kindengereko kinabaki vinywani mwa wazee. Sarufi yake iliyoandikwa na Eva-Marie Ström mwaka 2013 ni hazina kwa wanaisimu, lakini imeandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo maktaba ya umma mahali kama Mtunda haitoshi kuwa ghala la vitabu kutoka mjini. Inapaswa kuwa darasa la jioni ambamo mzee husimulia, kijana huandika, kisha maandishi husomwa kwa sauti mbele ya msimuliaji ili ayasahihishe. Ukurasa mmoja ubebe lugha zote mbili. Hapo mzee hujizoeza kusoma Kiswahili kupitia habari anayoijua, na kijana hujifunza lugha ya bibi yake. Maswali ya kitaaluma yataibuka papo hapo, hata kuhusu jina la lugha: Kiswahili huandika Kindengereko, ilhali Ström ameandika Ndengeleko. Yafaa kuandika kama wasemaji wanavyotamka.

Wapo watakaohofia ukabila. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa ushahidi wa Kiswahili chenyewe: istilahi ngeli ilitoka Kihaya, na ikulu ilitoka lugha za Unyamwezini na Usukumani. Lugha ya taifa ilitajirika kwa kuchota katika visima vya jirani. Kisima cha delta kikikauka kabla hakijaandikwa, hasara haitakuwa ya Wandengereko peke yao. Kiswahili nacho kitakuwa kimepoteza mahali pa kuchota.