Maji Yanapotoka Kidogo Bombani: Tuanzie Wapi?

Mazungumzo ya fundi wa maji kwa wakazi wa kambi, kamati za maji na walinzi wa vituo. Yamechapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika mkutanoni.

Nawashukuru viongozi wa zoni kwa kunipa nafasi hii. Nawashukuru zaidi akina mama mliokuja na madumu yenu, maana najua mkitoka hapa mnakwenda moja kwa moja kwenye foleni. Sitawachelewesha.

Leo tunazungumzia jambo moja. Bomba lipo, koki ipo, au robine kama wengi wenu mnavyoiita, lakini maji yanatoka kwa uzi. Mafundi tunasema msukumo wa maji umepungua. Nataka kila mmoja wenu aondoke hapa akijua namna ya kutafuta sababu kabla ya kumlaumu jirani yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kimoja, kituo cha mwisho kwenye mojawapo ya mistari yetu kilianza kutoa maji kidogo. Watu wa kituo kile walisema wenzao wa juu wanaacha koki wazi makusudi. Wa juu wakajibu kwamba wa chini wametoboa bomba ili wauze maji. Maneno yakageuka ngumi kwenye foleni. Wasichana wakaanza kuteremka bondeni kabla ya jua kuchomoza kuchota maji ya kijito, na ninyi mnajua hatari za njia ile.

Mama mmoja alikuja kwetu mara mbili. Alisema, "Maji yalipungua Jumatatu ile mlipochimba pale njiani." Mimi nilimjibu kwamba ni kiangazi, avumilie. Baada ya wiki mbili na siku mbili ndipo nilipofungua chemba pale njiani. Ile valvu, yaani koki kubwa ya kufungia njia ya maji, niliifunga mimi mwenyewe Jumatatu ile tulipokuwa tunaziba bomba lililopasuka. Tulipomaliza niliizungusha mara mbili, nikaondoka. Inahitaji mizunguko minane. Nikaizungusha sita iliyobaki, na maji yakarudi jioni ileile. Hapakuwa na mwizi wa juu wala mwizi wa chini. Yule mama nilikwenda kumwomba radhi, na leo namwomba tena mbele yenu.

MSUKUMO UNATOKA WAPI?

Maji yetu husukumwa na uzito wake yenyewe. Tangi liko juu, koki iko chini, na maji hushuka. Kila mita 10 za kimo kati ya uso wa maji tangini na koki huleta msukumo wa karibu baa 1. Kwa hiyo koki iliyo mita 6 tu chini ya tangi haiwezi kufikisha hata baa 1, hata kama bomba ni jipya. Anayekaa bondeni hupata msukumo mkubwa kuliko anayekaa mlimani, na hakuna aliyempendelea.

Jambo la pili ni safari ya maji. Yakipita katika bomba refu na jembamba, hukwaruzana na kuta za bomba na kupoteza nguvu. Fikirini watu wanaotoka kanisani au msikitini kwa mlango mmoja: wakiwa kumi wanapita bila shida, wakiwa mia tano wanabanana. Koki nyingi zikifunguliwa kwa wakati mmoja, maji nayo hubanana, na kituo cha mwisho ndicho kinachoumia kwanza.

KWANZA: PIMA

Usiseme tu "maji ni kidogo". Chukua dumu la lita 20, au bidoni, na simu yenye saa. Fungua koki mpaka mwisho, hesabu muda mpaka dumu lijae, kisha andika.

Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataka koki itoe angalau lita 7.5 kwa dakika. Maana yake ni kwamba dumu la lita 20 lijae kwa dakika 2 na sekunde 40. Viwango hivyo vinataka pia foleni isizidi dakika 30, koki moja isihudumie zaidi ya watu 250, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. UNHCR inalenga lita 20.

Tufanye hesabu. Kituo chenye koki 6, kila moja ikitoa lita 7.5 kwa dakika, hutoa lita 2,700 kwa saa. Kama watu 500 wanakitegemea na kila mmoja anahitaji lita 20, yanatakiwa madumu 500, yaani lita 10,000. Maji yakifunguliwa kwa saa 4, yanatosha. Lakini dumu likianza kujaa kwa dakika 5 na sekunde 20, kituo kinatoa nusu. Kwa saa zilezile 4 kila mtu anabaki na lita 10.8, chini ya kiwango cha chini kabisa. Zile sekunde mnazohesabu ndizo maji ya kuogesha mtoto.

Pima asubuhi mara tu maji yanapofunguliwa, kisha pima tena kabla hayajafungwa. Andika tarehe, saa, namba ya kituo, na muda wa kujaza dumu. Halafu andika jibu la swali ambalo sikumjali yule mama kuhusu jibu lake: yalianza kupungua siku gani, na siku hiyo kulifanyika nini?

PILI: LINGANISHA

Kulinganisha kutakuonyesha upande wa kutafuta.

1. Koki moja tu ni dhaifu, na zile za pembeni yake ni nzuri. Tatizo liko kwenye koki hiyo.

2. Koki zote za kituo ni dhaifu, lakini kituo cha jirani kwenye mstari huohuo ni kizuri. Tatizo liko kwenye njia inayoingia kituoni kwenu: valvu, uchafu, au bomba linalovuja.

3. Vituo vyote kuanzia mahali fulani kwenda chini ni dhaifu. Tatizo liko kati ya kituo cha mwisho kilicho kizuri na cha kwanza kilicho dhaifu.

4. Vituo vyote vya mstari ni dhaifu. Anzieni tangini: huenda maji hayakujaa, pampu haikufanya kazi saa za kutosha, au valvu ya kutokea tangini haijafunguka yote.

5. Ukifungua koki moja peke yake maji ni mengi, lakini zote zikifunguliwa yanakuwa uzi. Hapo watu wamezidi uwezo wa bomba, au kuna kitu kimeziba njia kwa sehemu. Likiwa ni la watu kuzidi, hakuna spana itakayoliponya. Kinachotakiwa ni bomba pana zaidi, kituo kingine, au kupanga zamu.

TATU: FUATA BOMBA KWENDA JUU

Anza kwenye koki. Koki zinazojifunga zenyewe zina springi na kipira ndani. Mchanga ukiingia, au kipira kikivimba, njia inakuwa nyembamba. Hii ni kazi ya mlinzi wa kituo aliyefundishwa. Afunge kwanza maji ya kituo, afungue koki, asafishe, abadilishe kipira, arudishe. Ni kazi ya dakika chache.

Kisha nenda kwenye chemba. Usiguse valvu peke yako. Mwite mtu wa kamati na fundi. Valvu ikizungushwa kufuata mshale wa saa hufunga, na ikizungushwa kinyume hufungua. Fundi ahesabu mizunguko. Ikiwa inazunguka bila mwisho na maji hayabadiliki, huenda mkono umeachana na kifuniko cha ndani, nacho kimebaki chini kimeziba njia. Hiyo ni ya kubadilishwa.

Kisha tembea juu ya bomba lilikofukiwa. Kiangazi ndiyo saa nzuri. Majani mabichi mahali ambapo kwingine kumekauka, tope pasipo na mvua, udongo uliotitia: hapo pana uvujaji. Angalia hasa mahali panapochimbwa udongo wa matofali. Mabomba mengi ya plastiki hupigwa jembe na kijana asiyejua kwamba bomba limepita pale. Akishapiga, huogopa, hufukia, hunyamaza. Nawaombeni wazazi: kijana akisema ukweli asipigwe. Tundu lililosemwa leo linazibwa leo.

Walinzi wa tangi wana kipimo chao. Jioni vituo vyote vikishafungwa na pampu imezimwa, wekeni alama ya kimo cha maji tangini. Alfajiri mtazame tena. Maji yakishuka na hakuna aliyechota, yamekwenda ardhini. Kwenye tangi la mabati la duara lenye upana wa mita 6.4, kila sentimita 10 zinazoshuka ni kama lita 3,200, yaani madumu 160.

Mwisho ni hewa. Tangi likikauka kabisa, hewa huingia bombani. Maji yanaporudi, koki hukohoa, hutema, hunyamaza. Hewa hupenda kukaa sehemu za mwinuko na kubana maji. Ndiyo maana kwenye miinuko tumeweka vitoa hewa. Msivizibe kwa udongo wala kuvifungia waya mkidhani vinavuja.

HATARI USIYOIONA

Bomba lililojaa maji yenye msukumo hutema kupitia tundu lake. Bomba lililopoteza msukumo hufanya kinyume: hunyonya. Kama tundu liko kwenye tope, karibu na choo au kwenye mtaro, uchafu huo huingia ndani na kufika kwenye dumu lako. Hivyo ndivyo kuhara na kipindupindu vinavyoweza kupita kwenye maji yaliyotiwa dawa tangini.

Kwa sababu hiyo, kituo chenye msukumo mdogo kipimwe dawa pia. Klorini iliyobaki kwenye maji ya koki inapaswa kuwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa chini ya hapo, mlinzi atoe taarifa siku hiyohiyo. Maji yakirudi baada ya kukatika na yana rangi ya tope, acheni yatoke mpaka yawe safi kabla ya kujaza ya kunywa. Yale ya kwanza mfulie au mmwagilie mboga.

MAMBO YA KUACHA

Usifunge koki kwa kamba au jiwe ili ibaki wazi. Usitoboe bomba. Usiunganishe mpira na kunyonya maji kutoka bombani. Usichimbe kabla ya kumwuliza mtu wa kamati bomba limepita wapi. Na usitangaze kwamba watu fulani wameiba maji kama hujapima. Maneno hayo hayaongezi hata kikombe kimoja kwenye dumu, lakini yanaweza kumwaga damu.

MASWALI MAWILI YALIYOULIZWA

Swali: Tukileta vipimo vyetu na mafundi wasipokuja, tufanye nini?

Jibu: Andikeni nakala mbili. Moja wapeni mafundi, moja ibaki kwa mwenyekiti wa kamati, ikiwa na tarehe na jina la aliyeipokea. Zikipita siku tatu, mwenyekiti ailete kwenye kikao cha viongozi. Kauli ya kwamba "maji ni shida" ni rahisi kuijibu kwa ahadi. Karatasi inayosema "kituo hiki, dumu dakika 6, tangu Jumatatu" inamlazimisha fundi kufungua chemba.

Swali: Sisi tuko mlimani. Je, tutapata maji kidogo siku zote?

Jibu: Kilima hatuwezi kukishusha. Lakini tunaweza kufungua maji ya mlimani kwanza, kabla ya vituo vya bondeni, au kupunguza kidogo valvu za bondeni ili maji yapande kwenu. Hilo lifanywe mchana, mbele ya kamati za pande zote mbili, na muda wa kujaza dumu upimwe juu na chini kabla na baada, ili kila mmoja aone alichotoa na mwenzake alichopata.

Ndugu zangu, nimemaliza. Kesho asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, mlinzi wa kila kituo apime dumu la kwanza, aandike. Na ninyi akina mama, mkiona maji yamebadilika, njoni mtuambie siku. Ninyi ndio mnaosimama pale kila siku. Safari hii tutasikiliza.