KUTEKA NGOME NA KUILINDA



Mwaka 2023 majirani zetu wawili walipiga hatua ya kujivunia. Mwezi Mei, Hospitali ya King Faisal mjini Kigali ilianza kupandikiza figo. Mwezi Desemba, Hospitali ya Mulago mjini Kampala nayo ikafanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza. Kwetu Tanzania, Muhimbili ilikuwa imeanza mwaka 2017. Tunawapongeza majirani zetu kwa dhati.

Lakini, kama askari yeyote ajuavyo, kuteka ngome ni kazi moja, na kuilinda ni kazi nyingine.

Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ya kudumu ilitiwa mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Mgonjwa, Richard Herrick, alikuwa amelitumikia jeshi la ulinzi wa pwani. Aliyempa figo ni pacha wake, Ronald, aliyekuwa ametumika katika jeshi la nchi kavu. Richard alipata nguvu, akaoa, akajaliwa watoto. Mwaka 1963 alifariki. Maradhi ya figo yalikuwa yamemrudia, na moyo nao ukamshinda.

Kisa hicho kina fundisho. Figo zinapougua kwa muda mrefu, shinikizo la damu hupanda, na madini ya chokaa huganda katika kuta za mishipa ya damu hata ikakakamaa. Figo mpya husafisha damu, lakini haiirudishii mishipa ujana wake. Tena, baadhi ya dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo hiyo huongeza shinikizo, sukari na mafuta katika damu. Ndiyo maana wako wanaokufa kwa maradhi ya moyo au kiharusi, hali figo waliyopewa ingali ikifanya kazi.

Basi, aliyepandikizwa figo asiache dawa zake hata siku moja bila amri ya daktari. Apime shinikizo na sukari, apunguze chumvi, aache sigara.

Nanyi wapiganaji na askari polisi mnaojiona imara, kumbukeni kwamba shinikizo la damu na kisukari ni maadui wakubwa wa figo, nao huingia bila kupiga baragumu. Anayengoja kuumwa ndipo apime, amempa adui muda wa kuchimba mahandaki. Zahanati ya kambi haiko mbali, na kipimo huchukua dakika chache tu.

Tulinde mipaka yetu, tulinde na miili yetu.