Beit el Mtoni: Nani Kavunja, Nani Kaezeka?

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Wazanzibari wa London)



Kila tukikutana hapa London, suala la nyumba za mashamba halikosi kuzuka, na ugomvi ni ule ule. Mmoja atasema zimemalizwa na Mapinduzi ya 1964. Mwengine atajibu: zilikuwa nyumba za dhulma, acha zende. Leo naomba tuitazame moja tu, Beit el Mtoni.

Sayyid Said aliitengeneza miaka ya 1830 hivi, ufukweni kaskazini ya mji, kwenye shamba lililokuwa miongoni mwa ya mwanzo kupandwa mikarafuu Unguja. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba. Kulikuwa na uwanja mkubwa katikati, hamamu, na baraza ya mviringo iliyotazama bahari. Bibi Salme, aliyezaliwa humo 1844, ameyaeleza yote katika kitabu chake cha 1886. Aliporudi Unguja 1885 akaikuta ni gofu.

Hesabuni wenyewe: miaka 79 kabla ya Mapinduzi! Sayyid Said alifariki 1856, na matunzo yakapungua. Paa likivuja, maji hula chokaa, boriti huoza, ukuta hufunguka. Hapo hahitajiki adui.

Na tunaoililia tusisahau: karafuu za mashamba yale zilichumwa na watumwa, na majina ya wengi wao hatuyajui. Gofu lile ni ushahidi wao pia. Likimalizika, watapotea mara ya pili.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikifanyiwa matengenezo, wakafa watu wawili. Huku tulilia, kisha tukaanza kulaumiana.

Na mimi nikiri langu. Marehemu bibi yangu aliacha kijumba cha shamba huko Bububu. Niliandikiwa nipeleke pesa za kuezekea, nikajibu: mwakani, inshallah. Masika hayakuningoja. Leo pamebaki ngazi tatu na mwembe.

Basi kabla hatujaulizana nani kavunja, tuulizane nani kaezeka.