Kalsiamu kwa Mitofaa



Katika nyanda za juu za Kenya zenye baridi, kama vile Limuru na Molo, mitofaa hustawi vizuri. Lakini mara nyingine mkulima huchuma tofaa zuri lisilo na kasoro, akaliweka ghalani akitumaini bei njema, na baada ya majuma machache akalikuta lina vidoa vya kahawia vilivyobonyea. Akilikata, huona nyama iliyo chini ya ganda imekauka kama sifongo, na ladha yake ni chungu. Mnunuzi hulikataa, na kazi ya msimu mzima hupotea.

Wengi hudhani ni wadudu au ukungu, wakapoteza fedha kwa dawa zisizofaa. Sababu yake ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda.

Kalsiamu huzishika chembe za tunda kama saruji ishikavyo mawe ya nyumba. Husafiri mtini pamoja na maji yapandayo kutoka mizizini. Majani hutoa mvuke mwingi, basi huvuta maji mengi na kalsiamu iliyomo. Tunda hupata kidogo tu. Tena, kalsiamu iliyokwisha kuingia katika jani hairudi ikaenda kwenye tunda. Ndiyo maana udongo huweza kuwa na kalsiamu ya kutosha, na tunda likabaki na njaa.

Basi tunda lilishwe lenyewe. Gramu 60 hadi 100 za kalsiamu kloridi ziyeyushwe katika pampu ya mgongoni ya lita 20. Kazi ianze majuma machache baada ya maua kupukutika, irudiwe kila baada ya majuma 2 au 3 mpaka karibu na kuchuma. Matunda yaloweshwe pande zote. Kunyunyizia majani peke yake ni kazi bure. Wakati ufaao ni asubuhi mapema au jioni, kwani penye jua kali dawa hii huunguza majani. Kisha pampu ioshwe vema, maana chumvi hii hula chuma.

Hata hivyo, pampu haiwezi kuondoa makosa ya shamba. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, au mti ukipogolewa kupita kiasi, matawi na majani mapya hulinyang'anya tunda chakula chake. Maji nayo yasiwe mengi leo na kesho yakakosekana. Na udongo wenye asidi nyingi hutengenezwa kwa chokaa, baada ya kupimwa.

Mkulima mwenye shaka na aache miti michache bila kunyunyizia, aifunge kamba ya alama, na matunda yake ayaweke ghalani mbali na mengine. Baada ya mwezi mmoja ayahesabu yaliyo mazima kila upande. Mavuno yenye faida ni yale yafikayo sokoni yakiwa mazima.