Tuwape Wanafunzi Kipande cha Mto

Mvua za masika zikishika katika milima ya Uluguru, vijito vinavyoteremka kuelekea Morogoro hugeuka rangi ya udongo. Tope lile limetoka mashambani. Ni udongo wa juu wenye rutuba, pamoja na samadi na mbolea ambayo mkulima ameinunua kwa taabu. Vyote hivyo vinaingia Mto Ngerengere na kufika Bwawa la Mindu, linalowapa maji wakazi wa Morogoro. Ngerengere nao humwaga maji yake Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Anayelima hadi ukingoni kule mlimani anamgusa mtu anayefungua bomba Kariakoo.

Tope likizidi, bwawa hujaa mchanga na kupungua kina, na mitambo ya maji hutumia dawa nyingi zaidi kuyatuliza maji, kazi ileile ambayo bibi zetu waliifanya kwa shabu mtungini. Gharama hiyo tunailipa sisi sote.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani, baharini au bwawani. Lakini kibao cha mita 60 hakizuii tope. Kinachozuia tope ni majani, vichaka na miti iliyoshika ardhi. Ndiyo maana nafurahi kila nionapo wanafunzi na majembe yao kando ya mto, wakipanda ukanda wa mimea. Nchi hii ina mizizi katika kazi hiyo: mwaka 1991, wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall jijini Dar es Salaam, na mazungumzo yao yakazaa Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani.

Hata hivyo, msikilizaji, tunawakosea vijana hawa kwa namna tunavyoipima kazi yao. Siku ya kupanda miti hufika mgeni rasmi, hutolewa hotuba, huhesabiwa miche, kisha watu hutawanyika. Miche iliyopandwa Aprili hunyeshewa na masika. Mwezi Juni shule zinafungwa, kiangazi kinaanza, na hakuna wa kumwagilia. Ng'ombe wanashuka kunywa maji, na njiani wanakula walichokikuta. Mwaka unaofuata tunarudi palepale, tunapanda upya, tunahesabu upya.

Ukanda wa mto una kanuni zake. Majani ndiyo hutangulia. Mabingobingo au vetiva zikipandwa kwa mistari inayokata mteremko, hupunguza kasi ya maji ya mvua, na maji yakipunguza kasi huangusha udongo yaliyoubeba. Mbolea ya fosforasi hushikamana na udongo huo, kwa hiyo nayo hubaki juu. Ile ya naitrojeni iliyoyeyuka ndani ya maji hunyonywa na mizizi. Karibu na ukingo ndipo pa miti ya asili ipendayo maji, kama mkuyu, ili mizizi ishike kingo na kivuli kiyapoze maji. Mikaratusi isipelekwe huko, maana hunywa maji mengi.

Jambo jingine ni mifereji. Maji yakishapata njia moja, hupasua ukanda na kuingia mtoni na tope lake lote, hata kama pembeni majani yamestawi. Wanafunzi wafundishwe kutembea huko mvua inaponyesha, watafute mahali maji yanapojikusanya, kisha wayatawanye kwa matuta ya kukinga mteremko. Hilo ni somo la jiografia na sayansi kwa wakati mmoja.

Na yule mkulima anayelima mchicha ukingoni tusimfanye adui. Ana watoto wa kulisha, pengine wamo katika shule hiyohiyo. Aitwe tangu mwanzo, akubaliane na shule, naye aruhusiwe kukata majani kwa zamu kulisha mifugo yake. Ukanda wenye faida kwa jirani hulindwa na jirani, hata shule zikiwa zimefungwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Bodi za maji za mabonde, halmashauri na serikali za vijiji ziipe kila shule iliyo karibu na mto kipande maalumu cha ukingo, ikitunze mwaka hadi mwaka. Darasa la tatu lipande, na watoto walewale wakiwa darasa la mwisho wawe bado wanakitunza, huku wakiwafundisha wadogo zao. Kila mvua kubwa, wachote maji juu ya kipande chao na chini yake, wayamimine katika mrija mrefu unaopitisha mwanga, wenye alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako, kisha waandike ni kwa kina gani alama inapotea machoni. Daftari hilo litatueleza mengi kuliko hesabu ya miche. Likionyesha kuwa maji hayajabadilika, wachunguze chanzo na kurekebisha.

Walimu wakuu, mkialikwa tena kupanda miti, ulizeni kwanza ni nani atakayemwagilia mwezi Agosti. Viongozi, njooni na jibu la swali hilo kabla ya kuja na miche. Watoto wameshaonyesha kuwa wako tayari kufanya kazi. Wanachodai kwetu ni ardhi, muda, na watu wazima wasiotoweka baada ya hotuba.